Viatu vya Mkwe Katika Stesheni ya Treni

Kwetu Nyacheki hakuna reli, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Majani chai huondoka kwa lori, ndizi huondoka kwa pikapu, na watu huondoka kwa gari lolote litakalosimama. Treni niliijua kwa picha ya kalenda iliyotundikwa dukani. Nimefika umri wa kuitwa nyanya na watu nisiowajua bila kuhitaji kupanda hata moja.

Kitinda mimba wangu yuko Mombasa, anafundisha watoto wa chekechea. Mumewe ni dereva wa trela, na wakati huo alikuwa njia ya Kongo, anangoja mpakani. Ilikuwa Desemba. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa kitako tumboni, akakataa kugeuka. Daktari akasema atampasua Jumatatu saa mbili asubuhi. Binti akanipigia simu. Yeye si mtu wa kulia.

"Mama," akasema, "nikiingizwa pale ndani nataka uwe nje ya mlango. Sitaki kuingia kama mtu asiye na watu."

Nikamwambia nitakuja.

Basi la kutoka Kisii mpaka Mombasa lipo, lakini mimi miguu hunijaa maji nikikaa bila kuinyoosha. Mara ya mwisho nilishuka kwenye basi hilo nikabebwa kama gunia, na siku tatu sikuvaa viatu. Daktari wa Nyamira akanikataza. Akasema Nairobi nifike kwa gari nikilazimika, lakini kutoka hapo niende na treni, ambayo mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake. Shule zilikuwa zimefungwa na nusu ya Nairobi ilikuwa inakwenda kuona bahari. Ilipatikana nafasi moja tu, ya Jumapili asubuhi. Iliyofuata ilikuwa ya Jumatano. Kwa hivyo ilikuwa ni hiyo ya Jumapili, au binti yangu aingie kupasuliwa bila mtu mlangoni.

Sasa lazima nieleze habari za wakwe, maana mtu wa pwani akisoma haya anaweza kunishangaa. Kwetu tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima ya kukaa mbali. Mwanaume aliyemwoa binti yangu hanishiki mkono. Hakai kiti kimoja nami. Haniangalii usoni, na mimi simwangalii. Hatutajani majina. Akitaka kuniambia kitu hukiambia hewa iliyo karibu yangu, na mimi hukijibu ukuta. Akiwa mahali nami sijamwona, hukohoa. Silali nyumbani kwake. Vijana wa mjini wameacha nusu ya mambo haya, lakini mume wa binti yangu mkubwa ni mtu wa Sironga, mama yake alimlea sawasawa, na mimi sijawahi kumwambia alegeze. Wako Nairobi, wana watoto wanne. Kwa miaka kumi na miwili nimemjua mkwe huyo kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake.

Nilifika Nairobi Jumamosi ikiwa imeshaisha Sabato, nikalala kwa binti wa dada yangu, kitanda kimoja na watoto wawili wanaopiga mateke. Kwa binti yangu kuna chumba cha wageni, lakini ni nyumba ya mkwe. Tulipanga kwamba asubuhi binti yangu mwenyewe atakuja kunichukua anipeleke stesheni. Badala yake nikasikia kikohozi mlangoni.

"Mtoto wetu mdogo ameamka na homa, anatapika," mkwe akauambia mlango. "Mama yao amebaki naye. Gari liko tayari."

Nikakaa kiti cha nyuma, upande ambao hawezi kuniona kwenye kioo. Njiani aliuliza mara moja kama kitambulisho changu kiko karibu, maana tiketi ilikuwa kwenye simu yake na huko lazima ichapishwe kwa kitambulisho. Nikakiweka juu ya mkono wa kiti. Alipofika kwenye taa za barabarani akakichukua. Ndivyo tunavyopeana vitu.

Ile stesheni iko nje ya mji, mahali ambapo naona hapo awali hapakuwa na kitu ila nyasi na upepo. Imejengwa kubwa, imeinuliwa juu, paa lake limeenda mbele kama kofia ya askari. Kwetu soko la Jumatatu lina watu wengi, lakini watu wa soko wanasimama, wanasalimiana, wanaulizana bei. Hawa walikuwa wote wanakwenda upande mmoja na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mizigo ilikuwa inavutwa kwa magurudumu juu ya zege, na sauti yake ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, haikatiki.

Kwanza mizigo huwekwa chini kwa mstari mmoja, na wenyewe husimama mbali nayo. Kisha huja mbwa. Mbwa akaufuata mstari ule akinusa mfuko mmoja mmoja, na watu wazima wenye suti walisimama wakimngoja mbwa amalize. Alipofika kwenye mfuko wangu akakaa kidogo. Mkwe alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anaangalia upande mwingine. Mimi nikaangalia mbwa.

"Shosho, huu mzigo ni yako?" askari akauliza. Shosho ndilo jina wanalowaita mabibi wa mjini. Mimi si shosho.

"Ni wangu."

"Kuna nini ndani?"

"Unga."

"Unga ya nini?"

"Ya wimbi. Ya uji."

"Na hii majani?"

"Ni chinsaga. Mboga. Nimeikausha."

Akainusa, akarudisha kichwa nyuma. "Unapeleka mboga Mombasa? Kwani huko hakuna mboga?"

"Huko iko. Ya mama yake haiko."

Akafunga mfuko. Mbwa akaenda kwa mtu mwingine. Mkwe akaja akaubeba mfuko, mimi nikabaki na kikapu cha ndizi.

Baada ya hapo mizigo hupita kwenye mashine na watu hupekuliwa, wanaume mstari wao na wanawake wao. Hapo ndipo tulipotengana. Wanaume walikuwa wanapita upesi, wanawake tulikuwa na vitu vingi vya kufunguliwa. Askari wa kike akanipapasa makwapa na kiuno, akaniuliza ni nini hiki kigumu. Nikamwambia ni mfupa. Akaniacha nipite.

Nilipotoka upande wa pili sikuinua macho kumtafuta mkwe. Mtu hamtafuti mkwe wake kwa macho. Niliangalia chini, nikaona viatu vya ngozi ya kahawia, vya kamba, kisigino kimeliwa upande wa nje. Ni vyake, nikasema, amenisubiri. Viatu vikaanza kwenda nami nikavifuata kwa nafasi ile ile ninayoachaga, hatua saba au nane.

Vilienda haraka kuliko kawaida, lakini nikajua ni kwa sababu ya muda. Vikavuka uwanja, vikaingia njia yenye uzio wa waya, vikateremka mahali palipo na mteremko. Niliona mambo mengi ya miguuni siku hiyo. Wanawake wa Nairobi husafiri na viatu vya kulalia. Kuna wanaume wanavaa soksi za rangi mbili. Nikaona nyayo za watoto, magurudumu ya mifuko, tiketi za zamani zimekanyagwa. Sikuona mkwe amebeba nini, maana macho yangu hayakufika juu ya magoti.

Viatu vikasimama kwenye foleni nami nikasimama. Hapo nikaanza kupata wasiwasi. Watu wa foleni ile hawakuwa na mizigo. Mtu haendi Mombasa mikono mitupu.

Nikakohoa, ili mkwe ajue niko hapo. Viatu havikusikia. Nikakohoa tena kwa nguvu.

Vikageuka. "Mama, una homa?" sauti ikauliza. "Nikupe maji?"

Nikainua macho. Alikuwa mwanaume mwenye ndevu, anakula njugu kutoka kwenye karatasi.

"Wewe si wangu," nikamwambia.

"Pole," akasema, kama kwamba aliyekosea ni yeye.

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa mwanamke aliyevaa buibui, wa makamo, amekalia furushi la nguo. Akasema kwa Ekegusii kilichonyooka kabisa, "Magokoro, umefuata viatu?" Magokoro ni bibi. Nikamtazama vizuri. Sikutarajia lugha hiyo itoke kwenye buibui mahali pale, lakini akaniambia amezaliwa Kisii mjini nyuma ya msikiti, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na amecheza na watoto wa Kiogoro mpaka mama yake akampiga kwa kurudi na matope. Alikuwa ameshuka na treni ya usiku kutoka Mombasa na sasa anangoja ya kwenda mjini.

"Hii foleni ni ya mjini?" nikamuuliza.

"Ya mjini. Wewe unaenda wapi?"

"Mombasa. Ya saa mbili."

Akaangalia saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. "Wanafunga mlango mapema, usidhani wanangoja mpaka saa mbili. Tiketi iko wapi?"

"Kwa mkwe."

"Na kitambulisho?"

"Kwa mkwe."

"Na mkwe?"

Nikatafuta simu kikapuni.

Nilikuwa na simu yangu ndogo ya vitufe. Nambari ya mkwe haimo. Miaka kumi na miwili hakuna siku tumepigiana, kila kitu hupita kwa binti yangu. Nikampigia binti. Simu ikasema anaongea na mtu mwingine. Nikangoja, nikapiga tena, ikasema vile vile. Nikapiga mara ya tatu. Baadaye binti yangu alinieleza ilivyokuwa. Mkwe alikuwa amempigia kumwambia mama amepotea, akamwomba anitafute kwa simu, maana yeye naye hakuwa na nambari yangu na hakuiomba. Basi binti alikuwa ananipigia mimi, na mimi nilikuwa nampigia yeye, na kila mmoja akamfungia mwenzake njia. Kama ningeiweka simu chini nikakaa kimya ingelia. Lakini sikuiweka.

"Mwite jina kwa nguvu," mwanamke wa buibui akasema. "Atasikia."

"Silitaji."

"Hata leo?"

"Leo ina tofauti gani na jana?"

"Haya. Kaa hapa na ensoni yako, treni itakwenda na watu wasiokuwa nayo." Lakini alikuwa ameshasimama, amemwachia yule wa njugu furushi lake alinde, na ameshika kikapu changu. "Twende. Una nani huko Mombasa?"

Nikamwambia. Alipunguza maneno baada ya hapo na kuongeza mwendo.

Mteremko ule nilioushuka bila kufikiri sasa ulikuwa kilima. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuuma kwa sababu ya gari la jana. Nilikuwa nafikiria mlango mmoja tu, ambao sijauona, wa hospitali nisiyoijua, na binti yangu anasukumwa kuupita akigeuza kichwa kutafuta mtu. Nilikasirika. Sikumkasirikia mkwe. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu miaka yote hiyo ningeweza kujifunza kitu kingine kwake zaidi ya viatu, hata koti.

Tulikuwa katikati ya uwanja kikuza sauti kilipoanza kusema. Kilitangaza kwanza habari za treni, kisha kikasoma jina langu. Kilisoma majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, mara mbili, kikasema nifike kwenye mlango wa abiria wa Mombasa, ninangojwa.

"Ni wewe?" mwanamke akauliza.

"Ni mimi."

"Angalau kuna mtu amelitaja."

Hilo nalo nilisikia habari yake baadaye. Mkwe alikwenda kwenye dirisha la maulizo akasema amepoteza mtu. Wakamuuliza jina la mtu. Akasema hawezi kulitaja. Wakamuuliza amelisahau? Akasema hajalisahau. Msichana wa dirishani akadhani anamchezea. Mwisho akasukuma kitambulisho changu chini ya kioo, akageuka upande, msichana akasoma mwenyewe. Kwa hivyo watu wote wa stesheni ile walijua jina langu, na mkwe wangu bado hakuwa amelitamka.

Tukamwona mbele ya mlango. Nasema tukamwona kwa sababu safari hii niliangalia juu, kifua chake kabisa, shati limelowa. Mfuko wa unga ulikuwa begani kwake na tiketi iliyochapishwa mkononi. Mwanamke wa buibui akampa kikapu, akamtazama toka kichwani mpaka chini.

"Mwanaume mzima unapoteza mama wa watu," akamwambia kwa Ekegusii. Kisha akanigeukia mimi. "Msalimie mgonjwa. Mungu amtoe salama." Akarudi mbio kwa furushi lake. Sikumuuliza anaitwa nani, na yeye langu alilisikia hewani kama wengine.

Zilibaki dakika chache mlango ufungwe. Mlangoni alisimama askari mwanamke, mrefu, hana haraka.

"Asiye na tiketi hapiti," akasema.

"Mama ana mzigo," mkwe akamwambia, "na hajawahi kufika hapa."

"Wote ni watu wazima. Msindikizaji ni wa mgonjwa ama mzee asiyejiweza."

"Ana miguu mibaya."

"Amesimama hapo, si namwona?"

Nikatazama ndani. Mbele ya mlango kulikuwa na ngazi zinazopanda zenyewe. Chuma kinatoka sakafuni, kinakuwa ngazi, kinaondoka na mtu. Kando yake kulikuwa na lifti, na mbele ya lifti watu wa viti vya magurudumu na akina mama wenye watoto wamejipanga mpaka ukutani. Mzigo ningeweza kuuacha. Binti yangu angekunywa uji wa unga wa dukani. Lakini zile ngazi nisingezipanda peke yangu, na nikijiunga na ile foleni ya lifti mlango wa treni utafungwa kabla sijafika. Niliona hivyo mara moja.

"Niwaambie hivi," askari akasema. "Mshike mkono. Nikimwona ameshikwa, nitajua hajiwezi, mtapita wote wawili, utamfikisha behewani na kurudi hapa. Nikimwona anatembea mwenyewe, apite mwenyewe."

Mkwe hakusogea.

"Kijana, dakika zinakwisha. Kwani humshiki mama yako?"

"Si mama yangu," mkwe akasema. "Ni mama wa mke wangu."

"Kwetu huyo ni mama."

"Kwenu," nikamwambia.

Askari akatutazama kwa zamu. Nyuma yetu familia moja ilikuwa inasukuma, mtoto analia, baba yao anauliza mbele kuna nini. Mkwe alikuwa anaangalia sakafu na najua alichokuwa anafanya. Alikuwa ananingoja. Yeye hawezi kuanza. Akianza yeye, mama yake wa Sironga atalisikia na itakuwa ni aibu ya nyumba mbili. Mimi ndiye mkubwa, na heshima hiyo ni yangu. Anayeweza kuiweka chini ni mimi peke yangu. Sikufikiri sana. Nilikuwa nimemwambia binti yangu nitakuja, na sikumwambia nitakuja kama mambo yataniruhusu.

Nikanyoosha mkono.

"Shika," nikasema.

"Mama..."

"Shika, nimesema mimi. Kama ni kosa ni langu."

Akaushika. Ni fundi wa umeme. Vidole vyake vimekauka, na kiganja kilikuwa kimelowa jasho. Yeye akageuza uso kushoto, mimi nikageuza kulia, tukapita mlangoni namna hiyo.

"Mnaenda kortini?" askari akatuuliza.

Kwenye ngazi akasimama. "Inua mguu wa kulia," akasema. "Sasa." Hiyo ndiyo amri ya kwanza mkwe wangu amewahi kunipa, na niliitii. Ngazi ikanichukua. Magoti yalitaka kubaki nyuma, akanivuta kidogo, nikasimama. Chini niliwaona watu wanapungua, vichwa tu, kama mtu anavyoona soko akiwa juu ya kilima. Kabla ya mwisho akasema, "Tukifika juu inua tena," nikainua, na sakafu ikawa sakafu.

Juu kuna ukumbi mpana wenye viti, ulikuwa karibu mtupu, watu walikuwa wameshaingia. Tuliuvuka tumeshikana. Tukateremka ngazi nyingine, hizi za kawaida, mpaka kwenye treni yenyewe. Ni ndefu. Sikuona mwanzo wake wala mwisho. Kila mlango ulikuwa na msichana wa sare amesimama kama mlinzi wa benki. Mkwe akaonyesha tiketi kwa mmoja, akasema si hapa, akaonyesha kwa mwingine. Wa tatu akakubali. Mkwe akapandisha mfuko juu, akaweka kikapu miguuni pangu, akahakikisha kiti ni cha dirishani.

Hapo akaachia mkono wangu, na tukarudi kuwa kama tulivyo. Tiketi na kitambulisho hakunipa mkononi, aliviweka juu ya kimeza. Nikavichukua kutoka kwenye kimeza.

"Mumsalimie shemeji," akakiambia kiti cha jirani.

"Asante," nikaliambia dirisha.

Treni ikaondoka bila kutikisika. Nilidhani ni stesheni inayorudi nyuma. Nilipohakikisha ni sisi tunaokwenda, nikampigia binti yangu mkubwa, na safari hii simu ikapita. Nikamwambia mwenyewe kwamba mumewe amenishika mkono, nimemwamuru mimi, asije akalisikia kwingine likiwa limeongezwa chumvi. Zamani jambo kama hilo lingewakalisha wazee na lingechinjiwa kitu.

"Mama, amenipigia sasa hivi," akasema. "Amekaa kwenye gari huko nje, anasema hawezi kuendesha bado."

"Mwambie anywe chai."

"Anauliza kama umekasirika."

"Mwambie anywe chai kisha aje amwone mtoto wake mwenye homa."

Nikamwambia pia anipe nambari ya mumewe. Akaniandikia. Jirani yangu kwenye treni, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyeiingiza kwenye simu. Akaniuliza aweke jina gani. Nikamwambia aweke Mkwe.

Njia ya treni sitaieleza sana. Nilisimama kila saa nikatembea kutoka kiti changu mpaka chooni na kurudi, kama daktari alivyosema. Niliona ndovu kwa mbali, mwekundu kama udongo, na hakuna aliyenung'unika kwamba analimaliza shamba la mtu, kwa sababu huko hakuna shamba. Mombasa nilishuka miguu yangu bado inaingia kwenye viatu.

Binti yangu alikuwa ameshalazwa. Nililala kwa jirani yake, maana nyumba yake nayo ni ya mkwe, na kabla ya jua kuwa kali Jumatatu nilikuwa wodini. Walimvalisha gauni la kijani linalofungwa nyuma, wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Nilitembea kando ya kitanda, nimeshika chuma chake, kupitia korido mbili, mpaka kwenye mlango wa kusukuma uliokuwa na kioo kidogo juu nisichokifikia.

"Mama anabaki hapa," muuguzi akasema.

Binti yangu akageuza kichwa. "Uko?"

"Niko."

Mlango ukajifunga. Kulikuwa na benchi, nikakaa, kisha nikasimama kwa sababu ya miguu, kisha nikakaa. Alikuja mwanaume kuniuliza kama hapo ndipo panapolipiwa, nikamwambia sijui. Ilipita karibu saa nzima. Halafu muuguzi mwingine akatoka na kitu kimefungwa kwenye leso niliyokuwa nimeipeleka mimi, akatazama huku na huku kwenye korido.

"Mtoto huyu ni wa nani? Kuna mtu wake hapa?"

Nilikuwa nimeshasimama. Nikamwambia ni wangu, anipe.